Ukubwa wa Chui Dume

Chui akivunja zizi usiku na kuchukua mbuzi, habari yake haikai kama ilivyokuwa. Asubuhi mwenye mbuzi husema kwamba ameona chui mkubwa. Jioni, habari ikiisha kufika kisimani na sokoni, chui yule amekuwa sawa na simba. Na baada ya juma moja hapana mtu awezaye kumtaja ila kwa kunyosha mikono yake yote miwili. Habari za namna hii zimesimuliwa tangu zamani katika nchi ya Singida, kuanzia majabali makubwa yaliyo karibu na maziwa ya Singidani na Kindai, mpaka vichaka vya Itigi na misitu ya Rungwa huko kusini. Wanaozisimulia si waongo. Giza hukuza kila kitu, macho yanayong'aa hukuza zaidi, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini ukubwa wa mnyama haupimwi kwa hofu. Hupimwa kwa kamba na kwa mizani, na hata kwa vyombo hivyo hapana budi kuwa na uangalifu.

Mfano mzuri ni wa chui mmoja wa Bara Hindi. Chui huyo aliwasumbua watu wa Rudraprayag kwa miaka mingi, na hesabu ya serikali ilisema kwamba aliua watu 125. Mwindaji Jim Corbett alimwua mwezi wa Mei mwaka 1926. (Corbett huyu baadaye alihamia Kenya, akafa huko mwaka 1955, na kaburi lake lipo Nyeri.) Alipompima chui yule alimpima kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumlaza mnyama akiwa amenyoka, kupigilia kigingi kwenye pua na kigingi kingine kwenye ncha ya mkia, kisha kumwondoa mnyama na kupima ardhi iliyo kati ya vigingi. Kwa njia hii chui alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 6, yaani karibu sentimeta 229. Njia ya pili ni kupitisha kamba juu ya mwili wenyewe, kufuata mabonde na miinuko ya kichwa, shingo na mgongo. Kwa njia hii chui yule yule alikuwa na futi 7 na inchi 10, yaani karibu sentimeta 239.

Basi mnyama mmoja, aliyepimwa na mtu mmoja siku moja, alipata vipimo viwili vinavyopitana kwa sentimeta 10. Corbett aliviandika vyote viwili, na hiyo ndiyo heshima yake. Wawindaji wengine waliandika kile kirefu tu, wala hawakusema wamekipataje. Wengine hawakumpima mnyama kabisa, bali walipima ngozi baada ya kuchunwa. Na kila mchuna ngozi ajua kwamba ngozi mbichi ikivutwa na kuwambwa hurefuka sana. Tena yafaa kuuliza kama mkia umehesabiwa. Mkia wa chui peke yake waweza kuwa na sentimeta 60 mpaka 100. Kwa hiyo mtu asemaye "chui wa meta mbili" bila kutaja mkia hajasema jambo linaloeleweka.

Uzito nao una hila zake. Chui aliyekula vizuri usiku hubeba tumboni kilo kadhaa za nyama, na nyama hiyo si mwili wake. Tena katika siku za zamani mizani kubwa haikuwako porini, na wawindaji wengi walikisia tu, kisha makisio yao yakaingia katika vitabu kana kwamba yamepimwa. Wazungu wale waliandika kwa ratili. Mwanafunzi anayetaka kugeuza ratili kuwa kilo, achukue nusu ya hesabu, kisha aondoe sehemu ya kumi ya nusu hiyo. Chui wa ratili 150 nusu yake ni 75. Sehemu ya kumi ni saba na nusu. Inabaki kilo 67 na nusu. Hesabu hii si kamili kabisa, lakini yatosha kumwonyesha msomaji kwamba "ratili 200", ambayo yasikika kuwa kubwa mno, ni kilo 90 tu na kidogo.

Siku hizi watafiti humnasa chui katika kizimba, au humpiga sindano ya dawa ya usingizi, humweka katika wavu na kumtundika kwenye mizani. Hupima mwili, mkia, shingo, meno na nyayo, humvika ukanda wenye chombo cha redio shingoni, kisha humngoja aamke aende zake. Kwa njia hii vimepatikana vipimo vya chui walio hai, wala hapana sababu ya kumkuza mnyama ambaye hakuna mtu atakayejivunia kumwua.

Vipimo hivyo vyasemaje? Chui dume mzima wa Afrika ya Mashariki kwa kawaida ana uzito wa kilo 45 mpaka 65. Jike ni mdogo sana kuliko dume: mara nyingi ana kilo 30 mpaka 45. Mabegani chui dume husimama kiasi cha sentimeta 60 au 70, yaani juu kidogo ya goti la mtu mzima. Mtu akitaka kufahamu uzito huo, na aukumbuke mfuko wa saruji wa kilo 50. Chui dume wa kawaida ni mfuko huo, pengine na robo zaidi. Simba dume hupita kilo 150. Kwa hiyo simba mmoja ni sawa na chui dume wawili na nusu, au watatu. Hata fisi wa madoa ana uzito ulio sawa na wa chui dume, naye mara nyingi humnyang'anya chui mawindo yake, kwa kuwa chui hutembea peke yake, na akiumia hana wa kumwindia.

Wengi hustaajabu wakisikia hesabu hizi, maana wameona kazi ya chui. Lakini nguvu na uzito si jambo moja. Mwili wa chui ni misuli mitupu: shingo nene, kifua kipana, miguu mifupi yenye nguvu. Wataalamu wameandika habari ya chui aliyempandisha mtini mtoto wa twiga aliyekisiwa kuwa na kilo 125, yaani karibu mara mbili ya uzito wa dume mkubwa. Mwenye zizi aliyeona mbuzi wake akirushwa juu ya ua hana kosa kusema kwamba mwizi ana nguvu; kosa ni kusema kwamba kwa sababu hiyo ni mkubwa kama ng'ombe.

Mpaka hapa yamesemwa mambo ya Afrika ya Mashariki. Walakini chui huishi katika nchi nyingi kuliko paka wengine wote wakubwa. Mwaka 1926, mwaka ule ule Corbett alipomwua chui wa Rudraprayag, mchungaji Richard Reusch alimkuta chui aliyekufa na kuganda kwa baridi huko juu Kibo, katika mlima wa Kilimanjaro, karibu na ukingo wa shimo la volkano. Wako chui katika misitu ya mvua, na katika milima mikavu ya Bara Arabu, na katika theluji ya mashariki ya Urusi. Je, wote hao ni sawa kwa ukubwa? Hasha.

Walio wakubwa kupita wengine ni chui wa milima ya kaskazini ya Uajemi, nchi iitwayo leo Iran, na nchi zilizo jirani zake. Dume wa huko aweza kuwa na kilo 60, na wachache hufika karibu kilo 90. Katika kisiwa cha Sri Lanka wastani wa madume waliopimwa zamani ulikuwa karibu kilo 56. Katika hifadhi ya Kruger, kaskazini-mashariki ya Afrika ya Kusini, dume mzima ana kama kilo 60. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Afrika ya Kusini, ukishuka mpaka milima ya Cape karibu na bahari, chui dume ana kilo 31 mpaka 35 tu, na jike kama 20. Nao chui wa Bara Arabu, ambao wachache wamebaki katika milima ya Dhofar huko Oman, ni wadogo vivyo hivyo: dume kama kilo 30. Chui dume wawili wa Cape, wakiwekwa pamoja katika mizani, wangelingana na mmoja wa Kruger.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Kwa nini mnyama wa namna moja awe mara mbili ya mwenzake?

Mtu mmoja atajibu kwamba ni baridi. Katika nchi za baridi, atasema, mnyama mwenye mwili mkubwa huhifadhi joto vizuri, na ndiyo sababu chui wa Uajemi ni mkubwa. Jibu hili lina maana, lakini chui wa mashariki ya Urusi, aishiye katika theluji kali kuliko ya Uajemi, dume wake mara nyingi ana kilo 32 mpaka 48. Na milima ya Cape nayo ina baridi. Basi baridi peke yake haitoshi.

Mwingine atasema kwamba ni simba. Pasipo na simba, chui huwa mfalme, hutembea apendavyo, huua wanyama wakubwa, na mwili wake hukua. Sri Lanka haina simba wala chui milia, na chui wake ni mkubwa. Jibu laonekana kuwa zuri. Lakini simba wa Cape waliisha kuuawa wote katika karne ya 19, na chui wa Cape angali mdogo. Na huko Kruger simba wamejaa, na chui ni mkubwa. Jibu hili nalo halisimami peke yake.

Linalobaki, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni chakula. Chui wa Kruger huishi katikati ya makundi ya swala pala. Chui wa Sri Lanka hula kulungu wa madoa. Wale wa Uajemi huwinda mbuzi mwitu, kondoo mwitu na nguruwe. Lakini chui wa milima ya Cape hutembea mbali sana, katika nchi yenye mawe, kwa ajili ya kumpata pimbi, au mbuzi mawe, au swala mdogo wa vichakani. Na mwili mkubwa ungekuwa mzigo kwake, maana hapana nyama ya kuulisha. Chui wa Bara Arabu yu katika hali hiyo hiyo. Wataalamu wa siku hizi huwahesabu chui wote wa bara la Afrika kuwa wa jamii ndogo moja. Kwa hiyo yule wa Cape na yule wa Kruger ni ndugu. Kilichowatenga kwa ukubwa ni meza walizoandaliwa.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake pia, nao ni wa huzuni. Kisiwa cha Unguja kilitengwa na bara maelfu ya miaka iliyopita, bahari ilipopanda. Chui waliobaki kisiwani hawakuwa na pundamilia wala kongoni. Walikuwa na paa, kima, na nguruwe. Baada ya vizazi vingi wakawa wadogo kuliko ndugu zao wa bara, na madoa yao yakawa madogo na yenye kukatikakatika. Mwaka 1932 mtaalamu Pocock wa London aliandika habari zao na kuwapa jina la adersi, kwa heshima ya daktari Aders aliyefanya kazi Unguja. Lakini watu wengi kisiwani waliamini kwamba chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu, na mnyama aliyekuwa mdogo kwa kipimo akawa mkubwa mno katika masimulizi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilifanywa kampeni ya kuwatafuta wachawi na kuwaua chui. Walipungua mwaka hata mwaka, na kufikia miaka ya 1990 watafiti wengi waliamini kwamba wamekwisha. Chui mmoja aliyekaushwa na kujazwa aliwekwa katika jumba la makumbusho la Unguja, na kila aliyemtazama pale alistaajabu kuona alivyo mdogo.

Turudi Singida. Mkoa huu una nchi za namna mbili kwa chui. Kaskazini na katikati, kwa Wanyiramba na Wanyaturu, watu ni wengi, mashamba ni mengi, na chui akipatikana hujificha katika majabali, ambako chakula chake ni pimbi, digidigi, na mbuzi wa watu. Kusini, katika nchi ya Manyoni na Itigi, vichaka vizito na misitu ya miombo huendelea mpaka mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambayo hupakana na nchi ya Ruaha. Huko kuna swala pala, ngiri, pongo na funo. Kwa kufuata kanuni ya chakula, mtu hutazamia kwamba dume wa Rungwa awe wa kadiri ya madume wengine wa bara, wala asiwe mdogo kama wa Cape.

Lakini katika mapori haya ukubwa wa chui si jambo la maongezi tu. Uwindaji wa kitalii wa leseni umefanywa katika mapori ya namna hiyo kwa miaka mingi, na sheria ya Tanzania huruhusu kuua chui dume peke yake. Jike haruhusiwi, kwa kuwa ndiye mwenye watoto. Mwindaji hutundika nyama mtini, hujificha mbali kidogo, na kungoja. Jua likiisha kuchwa chui huja. Mwanga ni mdogo, mnyama yu juu ya tawi, na mwindaji ana nafasi fupi ya kuamua. Akiona chui "mkubwa", hudhani ni dume.

Je, hudhani sawasawa? Wataalamu walichunguza chui 77 waliouawa na wawindaji Tanzania kati ya mwaka 1995 na 1998. Hawakuuliza mtu neno. Walichukua vipande vidogo vya ngozi na kuvipima kwa njia ya kutambua asili ya damu, njia isiyojali maneno ya mtu. Ilionekana kwamba zaidi ya robo yao, yaani asilimia 28.6, walikuwa majike. Kila mmoja wa majike hao alikuwa amepita mbele ya macho ya watu waliofundishwa kazi hiyo na kulipwa kwa kazi hiyo. Jike mzima mwenye kilo 40 na dume kijana mwenye kilo 40 hawatofautiani kwa ukubwa hata kidogo. Na jike aliyeshiba, akitazamwa kutoka chini, aweza kuonekana mkubwa kuliko dume mwenye njaa.

Alama za kweli ziko mahali pengine. Dume mzima ana kichwa kipana na shingo nene, hata kichwa na shingo huonekana kama kitu kimoja. Akizeeka, ngozi ya kooni hulegea na kuning'inia. Masikio huonekana madogo, kwa sababu kichwa kimekua na masikio hayakukua; mara nyingi yamepasuka kwa mapigano. Alama yake ya kiume nayo huonekana kwa nyuma, lakini kwa mtu mwenye subira tu, maana si kubwa kama ya simba. Kwenye mavumbi ya njia, wayo wa dume ni mpana kuliko wa jike, wala hauonyeshi kucha, kwa kuwa chui huzificha. Wayo wa fisi huonyesha kucha wazi. Watoto wa Singida wanaopeleka mbuzi malishoni waweza kujifunza jambo hili la mwisho bila bunduki wala darubini.

Hata akiwa dume, umri wake ni neno jingine. Chui dume hutawala nchi pana, na ndani yake wamo majike kadhaa na watoto wao. Ndiyo sababu mwili wake ni mkubwa kuliko wa jike: hana budi kupigana na madume wenzake kwa ajili ya nchi hiyo. Akiuawa, dume mgeni huingia, na mara nyingi huwaua watoto wadogo wa aliyetangulia, ili majike wapate kuzaa naye upesi. Kwa hiyo risasi moja yaweza kuondoa chui wanne au watano. Wataalamu waliopiga hesabu ya mambo haya husema kwamba dume asiuawe kabla hajafika miaka saba, kwani kwa umri huo amekwisha kulea kizazi chake. Lakini dume hufika karibu na ukubwa wake wote zamani kabla ya miaka saba. Na mizani, ambayo yaweza kusema habari za kilo, haiwezi kuhesabu miaka.

Katika miaka ya karibuni watafiti wamefunga kamera kwenye miti ya njiani katika nchi ya Ruaha na Rungwa. Mnyama akipita usiku kamera hujipiga yenyewe. Madoa ya chui mmoja hayafanani na ya mwingine, kama vile alama za vidole vya watu, na kwa hiyo chui aliyepita Juni akipita tena Septemba hutambulikana kuwa ni yule yule, dume au jike, kijana au mzee, na huhesabiwa mara moja tu.